Maji Hula Rangi: Namna ya Kupiga Picha Chini ya Bahari kwa Kamera Ndogo

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo wa kijiji kimoja cha pwani ya Pangani, mkoani Tanga. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wasomaji wa vijiji vingine vya pwani.)

  

Leo hatukuja na kitabu. Tumekuja na kamera ndogo, sahani nyeupe ya plastiki, penseli, na kipande cha kanga nyekundu. Vitu hivi vinne vinatosha kwa somo letu.

Kwanza tuseme kwa nini tuko hapa. Nyote mnajua kwamba kijiji kina ubishi juu ya mwamba. Kikundi cha usimamizi wa bahari kinataka sehemu moja ya mwamba ifungwe kwa miezi mitatu, pweza wapate kukua. Wako wanaokubali. Wako wanaokataa, nao wanasema, "Mwamba ule umekwisha kufa siku nyingi. Mnataka kutufungia jiwe." Upande mmoja unaapa kwamba mwamba uko hai. Upande wa pili unaapa kwamba umekufa. Waliozamia wameona kwa macho yao, lakini mkutano mkuu wa kijiji haukai chini ya maji. Unakaa chini ya mwembe.

Ndipo vijana wetu wakapelekwa na kamera. Wakarudi na picha 46. Tumezitazama zote. Zote ni bluu! Ukitazama huoni kama ni tumbawe hai au ni kifusi, huoni kama ni samaki au ni kandambili. Mzee mmoja akauliza, "Hii ni picha ya bahari au ni picha ya mbingu?" Watu wakacheka.

Sasa sisi tunasema vijana wasichekwe. Kamera haikuwa mbovu na wao hawakuwa wavivu. Maji yamefanya kazi yake ya siku zote. Kazi ya maji ni kula rangi.

Hebu tuieleze kazi hiyo. Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Mwanga unapoingia majini, maji huzila rangi hizo moja baada ya nyingine. Nyekundu ndiyo huliwa kwanza. Ukifika mita 5 chini, nyekundu karibu yote imekwisha. Kisha hufuata rangi ya chungwa, nayo hupotea karibu na mita 10. Kisha njano. Mwishoni hubaki kijani na bluu peke yake. Mzamiaji akijikata kidole kwenye mita 20, haoni damu nyekundu. Huiona kama ya kijani, karibu na nyeusi.

Msituamini kwa maneno. Chukueni kipande hiki cha kanga. Kifungeni kwenye kamba pamoja na jiwe, mkishushe kutoka kwenye ngalawa. Mtu mmoja avae miwani ya kuzamia, aweke uso majini, akitazame kinavyoshuka. Kwenye pima moja bado ni chekundu. Kwenye pima tatu kimekuwa kama kahawia iliyochakaa. Mnajua kwamba pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Basi pima tatu ni zaidi kidogo ya mita 5. Kivuteni juu, kitarudi kuwa chekundu. Kanga haikubadilika. Ni mwanga uliopungukiwa.

Wapiga picha wenye fedha hulitatua jambo hili kwa kununua taa kubwa. Taa hiyo hubebwa chini ya maji pamoja na kamera, nayo humulika kwa nguvu mara moja wakati picha inapopigwa. Taa huleta rangi zote mpaka kwenye kitu chenyewe. Sisi taa hiyo hatuna, wala kijiji hakitainunua mwaka huu. Bei yake hupita bei ya kamera hizi ndogo. Kwa hiyo taa yetu ni jua, na lazima tujifunze kuitumia.

Neno la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: SOGEA KARIBU.

Watu wengi hudhani kwamba rangi huliwa katika kwenda chini tu. Sivyo. Rangi huliwa pia katika kwenda mbele. Mwanga hushuka kutoka juu mpaka kwenye tumbawe, halafu hutoka kwenye tumbawe mpaka kwenye kamera. Safari zote mbili ni za majini, na zote mbili hutozwa kodi. Tufanye hesabu kidogo, hesabu ya kujumlisha tu. Tumbawe liko mita 2 chini. Wewe umesimama nalo umbali wa mita 3. 2 na 3 ni 5. Hapo nyekundu yako imekwenda. Mwenzako anapiga tumbawe hilo hilo, lakini amelisogelea mpaka nusu mita. 2 na nusu. Huyu atapata rangi.

Basi kabla hujabonyeza kamera, fanya jumla hiyo. Ikifika 5, usitegemee rangi. Ikiwa 3 au chini yake, una picha.

Macho nayo yanadanganya. Ndani ya maji, ukitazama kupitia kioo cha miwani, kila kitu huonekana kiko karibu zaidi kuliko kilivyo, na huonekana kikubwa zaidi. Kitu kilicho umbali wa mita 4 kinaonekana kama kiko mita 3. Wazamiaji wa pweza mnalijua hili. Wangapi wamechoma mchanga kwa mkuki wakidhani wamemfikia pweza? Kwa hiyo ukiona umekaribia vya kutosha, sogea tena. Umbali mzuri ni urefu wa mkono mmoja.

Halafu kuna kile kitufe cha kukuza picha, kinachovuta kitu cha mbali kije karibu. Kiacheni. Kinakuza kitu, lakini maji yaliyo katikati yanabaki pale pale, na ukungu wake unakuzwa pamoja nacho.

Neno la pili: ZIMA FLASHI ya kamera. Tunajua hili litawashangaza. Mtu atasema, "Tumelia hatuna taa, sasa hata hii ndogo tunaambiwa tuizime?" Ee, izimeni. Flashi hiyo ndogo imekaa ubavuni mwa jicho la kamera. Maji ya bahari yana vumbi lake: mchanga laini, vipande vya majani, vidudu. Flashi inamulika vumbi hilo lililo mbele ya pua ya kamera, na vumbi linarudisha mwanga moja kwa moja kwenye jicho. Unapata picha iliyojaa madoadoa meupe kama pamba imepeperushwa. Ni kama dereva anayewasha taa kali ndani ya ukungu wa Lushoto. Anauona ukungu, barabara haioni.

Sasa habari ya jua na maji. Hapa wavuvi mnatushinda sisi, kwa hiyo tutasema yale yanayohusu picha tu.

Jua likiwa chini, mwanga wake mwingi hugonga uso wa bahari na kurudi juu. Hauingii. Saa nzuri ni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kaa jua likiwa nyuma yako au juu ya kichwa chako, lakini angalia kivuli chako kisianguke juu ya tumbawe unalolipiga. Na kivuli cha ngalawa vile vile. Katika zile picha 46 ziko tano zilizopigwa chini ya ngalawa. Humo hata samaki wenyewe wamekuwa weusi.

Msisubiri mbingu iwe nyeupe pe! Kwenye maji ya kina cha magoti, jua kali huchora mistari ya mwanga inayocheza juu ya tumbawe kama wavu. Inapendeza kuitazama, lakini katika picha hukata tumbawe vipande vipande, na mtu hawezi kutambua lipi ni doa na lipi ni mwanga. Wingu jembamba likipita mbele ya jua, mistari hupotea na mwanga hutulia. Wapigeni wakati huo.

Maji nayo yana siku zake. Wakati wa bamvua maji huenda kwa nguvu na kuvuruga mchanga. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, maji hutulia na huwa safi zaidi. Kwa mwamba wa nje, nendeni maji mafu. Tena nendeni maji yakiwa yanajaa, siyo yanapokupwa. Yanapokupwa hutoa tope la mikokoni na la mtoni. Yanapojaa huleta maji safi kutoka nje. Kwa pwani yetu, siku za maji mafu maji hujaa asubuhi. Mkifika mwambani saa tatu mtakuwa mmepata vyote viwili, jua na maji.

Lakini akina mama wanaochokoa pweza mambo yao ni kinyume, na wasije wakafikiri kwamba somo hili si lao. Wao huutembelea mwamba wakati wa bamvua, maji yakiisha kupwa, kama saa nne au saa tano ya asubuhi. Wakati huo katika madimbwi ya mwambani kuna maji ya kina cha goti tu. Nusu mita! Jumla yake ni ndogo kabisa, na jua liko juu. Mama aliyesimama kwenye dimbwi, akaizamisha kamera kwa mkono, anaweza kupata picha yenye rangi nzuri kuliko kijana aliyezamia pima nne. Hana haja ya kujua kuogelea. Tungependa kamera ya kwanza iende kwa akina mama, na hilo tutalisema hata mbele ya mwenyekiti.

Kuhusu majira, masika si wakati wake. Mto Pangani unashusha udongo wa milimani na bahari inakuwa chai ya maziwa. Kipindi cha tangambili, kati ya kusi na kaskazi, upepo ukilala, ndicho kizuri.

Haya, umefika. Umesogea, jua liko nyuma, flashi imezimwa. Sasa tulia. Mwanga ukiwa mdogo, kamera hufumbua jicho lake kwa muda mrefu zaidi. Ukitikisika wakati jicho liko wazi, picha inakuwa na ukungu. Shikilia kamera kwa mikono miwili. Bonyeza kitufe nusu, ngoja kamera ilione tumbawe vizuri, kisha malizia. Piga tatu au nne za kitu hicho hicho. Filamu hakuna siku hizi, hakuna kinachopotea.

Usiguse tumbawe kujishikiza wala usilikanyage. Ukilivunja ili ulipige picha, utakuwa umekwenda kumpima mgonjwa na kumvunja mguu.

Ukitaka picha ya samaki ya kupendeza, usimpige kutoka juu. Mgongo wake unafanana na mchanga, na amepewa rangi hiyo apate kujificha. Shuka ulingane naye, au uwe chini yake kidogo, umpige akiwa na maji ya bluu nyuma yake. Lakini picha ya mwamba kwa ajili ya mkutano ni kitu kingine. Hiyo ipige kutoka juu kabisa, kamera ikitazama chini moja kwa moja, ili ionyeshe eneo lilivyo bila kupindisha. Tutofautishe picha ya kupendeza na picha ya ushahidi. Leo tunatafuta ushahidi.

Kwa nini rangi ni ushahidi? Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake wanaishi vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijimea hivyo humlisha, na ndivyo vinavyompa rangi yake ya kahawia, ya dhahabu au ya kijani. Maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, tumbawe huvitoa vijimea hivyo, likabaki jeupe. Tunasema tumbawe limepauka. Ilitokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi upande huu wetu, na matumbawe mengi yakafa. Joto kubwa lilirudi tena mwaka 2016 na mwaka 2024.

Sasa sikilizeni vizuri. Tumbawe lililopauka si maiti. Ni mgonjwa mahututi. Maji yakipoa mapema, vijimea vinaweza kurudi na tumbawe likapona. Yasipopoa, litakufa, na mwani utaota juu yake, nalo litakuwa na rangi ya kijani au kahawia yenye manyoya. Kwa hiyo tuna hali tatu: lililo hai ni la kahawia au la dhahabu, lililopauka ni jeupe, lililokufa lina mwani. Katika picha ya bluu, zote tatu zinafanana! Anayesema mwamba umekufa ataichukua picha hiyo na kusema, "Si mnaona?" Anayesema uko hai ataichukua hiyo hiyo na kusema, "Si mnaona?" Mkutano utavunjika kama ulivyovunjika mara ya kwanza.

Ndiyo sababu tumekuja na sahani nyeupe. Hii kila nyumba inayo. Ilaze kando ya tumbawe, ipigwe pamoja nalo. Kila mtu anajua sahani ni nyeupe. Kama katika picha sahani imekuwa ya bluu, basi tunajua maji yamefanya hivyo, na tunalilinganisha tumbawe na sahani. Tumbawe likiwa na weusi kuliko sahani, lina rangi yake. Likiwa sawa na sahani, limepauka. Chuo Kikuu cha Queensland, huko Australia, kimetengeneza kadi ya rangi kwa kazi hii hii, nayo imetumika tangu mwaka 2002. Kadi yao ni nzuri zaidi, maana ina ngazi za rangi kutoka nyeupe mpaka nzito. Tukiipata tutaitumia. Kwa sasa sahani inatosha kuanza.

Kamera nyingi zina sehemu ya kuchagua aina ya mwanga. Tafuteni alama ya samaki, au neno la maji. Kamera ikiwekwa hapo hujaribu kurudisha wekundu. Nyingine zinakubali kufundishwa: unaielekeza kwenye sahani nyeupe ukiwa kina kile kile, unabonyeza, nayo inajua kwamba hii ndiyo nyeupe. Ukibadilisha kina, ifundishe tena. Lakini kumbukeni kwamba wekundu uliokwisha kuliwa wote haurudi. Hakuna kamera wala simu inayoweza kurudisha kisichofika.

Ndugu mmoja pale nyuma anauliza: je, picha ikitengenezwa kwenye simu baadaye, ikaongezwa rangi, ni uongo? Ni swali zuri. Jibu letu ni hili. Kwa kuning'iniza ukutani, tengenezeni mpendavyo. Kwa mkutano, wekeni ile ya asili bila kuigusa, na kama mna nakala iliyotengenezwa, ionyesheni kando yake na kusema imetengenezwa. Mpinzani wako akigundua baadaye kwamba umeongeza rangi kimyakimya, hata picha zako za kweli hataziamini.

Penseli nayo ina kazi. Hapa tunawaambia ninyi hasa, wanakisomo. Penseli huandika chini ya maji. Chukueni kipande cha dumu jeupe, kisugueni kwa msasa mpaka kiwe na ukwaru, mwandike juu yake kwa penseli. Haifutiki kwa maji ya bahari. Ukifika nyumbani unaifuta kwa msasa ule ule. Juu ya kibao hicho andika tarehe, jina la mahali, kina kwa mita, na jina la mpigaji. Kilaze kando ya sahani, kionekane ndani ya picha.

Picha isiyo na maandishi ni yatima. Baada ya miaka miwili hakuna anayejua ilipigwa wapi. Mtu anaweza kuchukua picha ya Mafia akasema ni ya kwetu, nani atabisha? Lakini picha yenye tarehe na mahali inasimama yenyewe hata mpigaji akiwa safarini. Mama aliyeanza darasa mwaka juzi akiwa anaandika jina lake kwa shida, leo ana uwezo wa kuandika mistari minne hiyo. Wengi wenye kamera za bei kubwa hawaandiki.

Pia chukueni fimbo, mpake rangi nyeupe na nyeusi kila baada ya sentimita 10. Ikilala ndani ya picha, tutajua tumbawe ni kubwa kiasi gani. Mwaka kesho mtarudi mahali pale pale, mkae upande ule ule, kina kile kile, mpige tena. Wekeni chuma au boya dogo mpate kupatambua. Picha moja inaonyesha hali ya leo. Mbili zinaonyesha mwendo: unakwenda kwenye uhai au kwenye kifo.

Mfano tunao mlangoni. Kisiwa cha Maziwe kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walitaga mayai pale kwa wingi. Miti ikaisha, mchanga ukahama. Leo maji yakijaa sana kisiwa chote hufunikwa, na mayai yanayotagwa pale huhamishiwa ufuko wa Ushongo yasizamishwe. Wazee mmekaa hapa mnaikumbuka ile miti. Vijana wanapokea kama hadithi. Mabadiliko ya namna hii hayaji kwa siku moja. Yanakuja kidogo kidogo, na jicho la mtu husahau kidogo kidogo.

Tuseme neno juu ya vifusi. Mahali palipopigwa baruti matumbawe huwa yamevunjika vipande na kusambaa kama tofali za nyumba iliyobomoka. Vifusi huonekana hata katika picha isiyo na rangi, kwa sababu tunatafuta umbo. Basi hapo msihangaike na wekundu. Pigeni, wekeni fimbo, andikeni kibao. Uvuvi wa mabomu umekatazwa, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inaukataza wazi. Lakini msimfuate mtu mwenye baruti eti mkampige picha. Pigeni picha ya madhara yake baada ya yeye kuondoka, mpelekee bwana samaki na polisi.

Vipi ndani ya mashimo ya pweza, ambako jua haliingii? Njia ni mbili. Ya kwanza, chagueni saa. Shimo linalotazama mashariki lipigwe asubuhi, linalotazama magharibi lipigwe alasiri. Ya pili, tochi ya kuzamia. Hiyo vijana wengine mnayo. Ishikwe mbali na kamera, ubavuni, au mwenzako akumulikie kutoka pembeni. Ikiwa sambamba na kamera itamulika vumbi, yaleyale ya flashi.

Utunzaji wa kamera. Adui wake ni maji ya chumvi, na mlango wake ni ule mpira mwembamba unaozuia maji. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga juu ya mpira huo inatosha kupitisha maji. Kabla ya kufunga, utazame mpira kwenye mwanga, uufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usifungue kamera ndani ya ngalawa, wala kwa mikono iliyolowa. Ukirudi, ilaze kwenye ndoo ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kwa nusu saa ikiwa imefungwa, ndipo uikaushe. Soma imeandikwa inastahimili mita ngapi. Ikiwa imeandikwa 10, usiipeleke 12 kwa kushindana. Wenye simu ndani ya mfuko wa plastiki, kwanza jaribuni mfuko na karatasi ndani yake. Karatasi ikitoka kavu, ndipo muweke simu.

Na ninyi wenyewe mjitunze. Asizamie mtu peke yake. Mmoja akiwa chini, mwingine yuko juu anamtazama. Msivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuzama mkidhani mtakaa zaidi. Mtu hupoteza fahamu ghafla bila kuhisi. Hakuna picha yenye thamani hiyo.

Mzee wetu anauliza: wasiojua kuzamia na wasiofika mwambani kwa miguu wafanyeje? Mzee, hata Wazungu walianza hivyo. Mwaka 1856 huko Weymouth, Uingereza, mtu aitwaye William Thompson alishusha kamera baharini ndani ya sanduku, yeye mwenyewe akiwa ndani ya mashua. Na Louis Boutan, Mfaransa, alipoanza kupiga picha chini ya bahari mwaka 1893, alitegemea jua, akaiacha kamera imefumbua jicho hata kufikia nusu saa kwa picha moja. Kamera yetu inatumia chini ya nukta moja. Kwa hiyo fungeni kamera kwenye pondo la ngalawa, wekeni ijipige yenyewe kila baada ya nukta chache, mlishushe mpaka karibu na mwamba. Nyingi zitaharibika. Chache zitafaa.

Haya, mpango wetu. Mkutano mkuu umepangwa baada ya majuma matano. Katikati hapo tutapata maji mafu mara mbili na bamvua mara mbili. Akina mama wataanza na bamvua hii ya kwanza, kwenye madimbwi, mahali kumi. Vijana watakwenda mwamba wa nje maji mafu yanayofuata, mahali kumi vile vile. Mahali penyewe patachaguliwa na pande zote mbili. Wanaosema mwamba umekufa wachague matano, wanaosema uko hai wachague matano. Asije mtu akasema tulikwenda kupiga pale tunapopapenda. Jioni ya siku hiyo hiyo picha zitazamwe hapa darasani, zilizoharibika zirudiwe kabla maji hayajabadilika.

Kila kundi lije na sahani moja, kibao kimoja, fimbo moja, na penseli mbili, maana moja lazima itaanguka baharini.